Wasomaji Wanauliza: Zile Riwaya za Shuleni, Tunazisomaje Sasa?

Tangu mwaka uanze wasomaji wengi mmejiunga na zile changamoto za kusoma zinazozunguka kwenye magrupu, riwaya moja ya zamani kila mwezi, unachagua mwenyewe ilimradi iwe ile ambayo kila mtu anaitaja ila wachache wameimaliza. Meseji zimekuwa nyingi kuliko nafasi niliyonayo, kwahiyo nimechagua za wale ambao hawakuishia kusema kitabu ni kizuri au kibovu, wameniambia kiliwafanya nini. Naomba niseme mapema, nagusa miisho ya baadhi ya hizi riwaya, kama uko katikati ya mojawapo iruke hiyo barua uje uisome ukimaliza.

Shikamoo dada. Mwezi wa kwanza nilichagua Kusadikika kwa sababu kitabu ni chembamba nikajua wikiendi moja nakimaliza, mbona sasa kimenishinda? Watu hawana sura, mara Majivuno mara Karama, kila mtu anahutubia tu, hakuna anayekula wala anayepanda basi, nikifika kurasa kadhaa usingizi huo. O level nilikisoma na swali lake nikalijibu vizuri kabisa lakini saizi naona kama sijawahi kukifungua. Tatizo ni mimi au kitabu? (Msomaji, Mbagala)

Marahaba mdogo wangu. Tatizo ni spidi. Unakisoma kwa macho, haraka haraka, kama unavyosoma riwaya za siku hizi, na Shaaban Robert hakuandika Kusadikika kwa macho. Ile ni kesi mahakamani. Karama ameshtakiwa na Majivuno, waziri wa ile nchi ya kubuni ya Kusadikika, kwa sababu anataka kuanzisha mafunzo ya sheria, basi, hilo ndilo kosa lake, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwahi kuwatuma huku na huku, wakateseka, wakarudi na mambo mema ya kuisaidia nchi yao, wakatupwa gerezani. Mjumbe wa kwanza unamsikitikia. Wa pili unashangaa. Ukifika kwa wa tatu tayari unajua yatakayompata kabla hajafungua mdomo, na hapo ndipo kinapouma, kwa sababu na wale waliokaa kusikiliza kesi nao wanajua, ila wamekaa tu.

Alafu kumbuka kilitoka 1951. Tanganyika iko chini ya Mwingereza na mwandishi mwenyewe ni karani katika ofisi za serikali hiyohiyo. Hawezi kuandika waziwazi kwamba wenye madaraka wanawafunga watu wenye akili, akaichukua nchi nzima akaining'iniza angani. Mi kila nikifikiria hilo naheshimu ujasiri wa yule mzee upya kabisa.

Kwahiyo fanya hivi: soma kwa sauti, mjumbe mmoja kwa jioni moja, usizidishe. Kama kuna mtu nyumbani mpe sehemu ya Majivuno asome yeye, we usome Karama, utaona zile hotuba zinaamka. Na kama kweli unataka watu wanaolima na kuishi kwenye nyumba, mwandishi huyohuyo ana Utubora Mkulima, kijana anaacha kazi ya mshahara mjini anakwenda kushika jembe Busutamu, hiyo itakupokea kirahisi zaidi.

Dada habari. Nimemaliza Kichwamaji saa nane usiku na sikulala. Mi nimemaliza chuo, kazi sina, narudi nyumbani kila mtu ananiangalia anataka kujua nitafanya nini, sasa ile sura ya mwanzo Kazimoto yuko pale anasubiri ofisini nikasema huyu ni mimi. Mwisho umenimaliza. Kwenye grupu wenzangu wameandika eti mwandishi kazidisha giza. Hivi ni sawa kitabu kumfanya mtu hivi? (Kijana wa Mwanza)

Mdogo wangu, kwanza tuanze na wewe kabla ya kitabu. Riwaya ile inaisha Kazimoto amejitoa uhai, na kama ulipojiona ndani yake ulijiona mpaka pale, tafadhali usibaki na hilo peke yako, leo hii mtafute mtu unayemwamini, kaka, mama, rafiki, mtu wa afya au kiongozi wako wa dini, umwambie kwa maneno ya wazi kabisa. Usimpe kitabu, mwambie wewe mwenyewe.

Sasa kitabu. Hao wenzio wanaosema giza limezidi siwalaumu, ila nadhani wamekipita haraka. Angalia hiyo sura ya mwanzo uliyoitaja. Kijana wa chuo kikuu yuko likizo, anatafuta kakazi ka muda, anakwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, anasubiri weee, na aliyekaa ndani kwenye kile kiti ni Manase, mtu anayemjua toka utotoni. Hakuna aliyekufa hapo bado, hakuna msiba, ni kusubiri tu nje ya mlango. Lakini mwandishi, Euphrase Kezilahabi, anakuonyesha yale yanayopita kichwani mwa mtu aliyesoma anapokaa pale, hasira, aibu, kujilinganisha, kiburi, vyote kwa mpigo. Kabla yake riwaya zetu nyingi zilikuwa zinamwangalia mhusika kutoka nje, anafanya wema analipwa wema, anafanya ubaya analipwa ubaya. Yeye 1974 akaingia ndani ya kichwa cha mtu akafunga mlango. Alikuwa na miaka 30 tu, yaani ni kijana anaandika habari za vijana, siyo mzee anayewasema.

Na mi naamini hakutaka tumfuate Kazimoto. Soma upya pale anapopanga kulipiza kisasi, Manase amempa mimba dada yake Rukia, na Kazimoto badala ya kumkabili Manase anaamua kumharibia dada wa Manase, Sabina. Mwanamke ambaye hajamkosea chochote. Kazimoto ana akili nyingi na bado anafanya hilo. Elimu yote ile haikumfundisha namna ya kuwa karibu na mtu. Ukikisoma hivyo utaona mwandishi ana huruma na Kazimoto lakini hamsifu hata kidogo. Kwahiyo jibu langu ndiyo, ni sawa kitabu kikutikise kiasi cha kukunyima usingizi, ila ukiamka nenda kakae na watu, usikimbilie kingine cha aina hiyo. Mwezi ujao chagua chepesi, chini hapo nimetaja kimoja.

Shikamoo. Binti yangu ana miaka 14, ameona mimi nasoma Rosa Mistika ya changamoto na sasa anaitaka. Mi mwenyewe nimeanza kuisoma ukubwani maana enzi zetu tuliambiwa ni kitabu kibaya kilipigwa marufuku. Nimefika katikati, kumbe Rosa alikuja kusoma chuo hapahapa kwetu Morogoro! Nimpe au nisimpe? (Mama, Morogoro)

Marahaba mama. Kitabu ni cha huyohuyo Kezilahabi wa Kichwamaji, na ni kweli kilipigwa marufuku mashuleni baada ya kutoka 1971, na ni kweli pia kwamba baadaye shule hizohizo zilikuja kukifundisha. Waliokikataa waliona uhusiano wa kimapenzi, ulevi, mimba, kutoa mimba, wakasema mwandishi anawafundisha mabinti uhuni. Mi nikikisoma naona kitu tofauti, naona kitabu kinachomwuliza baba.

Umeshapita pale mwanzoni ambapo Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Pitia tena. Nyumba ile ya Ukerewe baba ni mlevi, mama Regina ndiye anayebeba kila kitu, na huyo baba asiyekuwepo kwa lolote siku hiyo ghafla yupo, kwa fimbo. Rosa anajifunza jambo moja tu, kwamba mwanaume ni wa kuogopwa. Hajafundishwa kumjua, hajafundishwa kuongea naye, hajafundishwa kusema hapana kwa sauti yake mwenyewe, amefundishwa kuogopa basi. Alafu anapelekwa mbali na nyumbani na ile fimbo haipo tena. Kila kinachofuata kinatoka pale.

Kwa hiyo ushauri wangu: kwa miaka 14 usimpe akajifungie nacho chumbani, msome wote. Umalize wewe kwanza, alafu muende sura kwa sura, na pale pagumu msiruke, muulize yeye anaonaje. Akifika 16 au 17 asome peke yake akitaka. Mwisho ni mzito, Rosa hafiki salama, na binti asije akakutana na mwisho ule usiku peke yake. Na kama baba yake yupo, mama, naomba na yeye akisome. Ningependa akina baba wasome kile kitabu kuliko mabinti.

Hujambo mwandishi. Mimi ni wa Nakuru. Utengano tulikifanya setbook, na nilikichukia vibaya sana, sababu mwalimu alikuwa anasoma anasimama, "eleza muktadha wa dondoo hili", anasoma anasimama. Mwaka huu nimekirudia kwa hii challenge ya kusoma na nimelia, si uongo. Bi Tamima ameshikwa na uchungu na bwanake anakuja kuuliza ni nani amemleta mkunga! Sasa shida yangu, mwishoni nilimhurumia Maksuudi, na najiona msaliti. Ni vibaya? (Msomaji wa kike, Nakuru)

Sijambo dadangu. Si vibaya hata kidogo, na naomba usijilazimishe kuondoa hiyo huruma.

Hiyo sehemu ya uzazi uliyoitaja ndiyo mlango wa kitabu kizima kwa maoni yangu. Mwanamke yuko kwenye uchungu, hali ni mbaya, Biti Kocho anakimbia kumleta Bi Farashuu maana ndiye mkunga aliyeko, na Bi Farashuu ana kisasi chake cha siku nyingi na bwana mwenye nyumba. Maksuudi anarudi, na kinachomchoma ni kwamba amri yake imevunjwa, mke wake na mtoto wanakuja baadaye. Anapiga, anatoa talaka. Na Maimuna anayaona yote hayo, binti aliyefungiwa ndani toka amekua, dunia anaisikia tu kupitia dirishani. Ndiyo maana alivyotoka hakujua pa kusimama.

Sasa Said Ahmed Mohamed angeweza kumwacha Maksuudi awe shetani mpaka ukurasa wa mwisho, tungefurahi, tungefunga kitabu tukalala. Hakufanya hivyo. Alimporomosha, akamvua cheo, mali, sauti, akatuletea mzee aliyechoka, alafu akatuachia sisi tuamue. Huruma yako haimfutii alichomfanyia Tamima. Mi nadhani ukimhurumia na bado hujamsamehe umekisoma kitabu sawasawa kabisa, na hilo hakuna swali la dondoo lingeweza kukuuliza ukiwa na miaka 17 na mtihani uko wiki ijayo.

Nimeipenda barua yako kwa sababu ndivyo nyingi zilivyo mwaka huu, watu wanarudi kwenye vitabu walivyovisoma kwa ajili ya karatasi ya mtihani na wanakuta mtu amewasubiri ndani muda wote huo. Walimu wetu siwalaumu wote, wengi walikuwa na darasa la watoto 60 na vitabu vitano. Ila tulizoeshwa kuuliza kitabu kina dhamira gani kabla hatujajiuliza kimetufanya nini, na kugeuza huo mpangilio kunataka mazoezi. Barua inayofuata inahusu hilohilo.

Grupu letu la kusoma tuko watu wengi tu, ila kila mtu akimaliza kitabu anaandika "kitabu kizuri sana, kinatufundisha kuhusu umuhimu wa elimu na madhara ya ulevi" alafu kimya, makofi, kinafuata kingine. Nimejaribu kuanzisha mjadala watu wanaona najifanya profesa. Tufanyeje? (Admin wa grupu, Arusha)

Piga marufuku neno "kinatufundisha" kwa mwezi mmoja. Nasema kwa dhati. Kila mtu alete sentensi moja tu aliyoikopi kwa mkono kutoka kwenye kitabu, aseme kwanini amesimama hapo, hata kama sababu ni "imenikumbusha shangazi yangu" au "hapa nilimchukia". Usiulize kitabu kinahusu nini. Uliza nani ungependa kumtoa ndani ya hiki kitabu ukamkalishe kwako, uliza ni wapi ulikifunga kwa hasira. Watu wataanza kubishana na hapo ndipo grupu linapokuwa grupu. Na wale wanaoandika haraka haraka kwa sababu wako nyuma ya ratiba, waambie ratiba siyo ya kulipia faini, aliyesoma vitabu vitatu akavikumbuka ana mali kuliko aliyepita kumi na mbili.

Dada, mi kila nikichukua "classic" nalia. Hakuna ya zamani ambayo mtu anasoma akafurahi jamani? (Msomaji, Iringa)

Ipo! Chukua hadithi za mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 50 na kuchapishwa 1960. Mtu ameuawa, kila mtu anasema lake, na Bwana Msa na kiko chake anasikiliza taratibu mpaka unachoka wewe kabla yake. Kisima cha Giningi nayo ni hivyohivyo. Kiswahili chake kitamu mno, mazungumzo ya watu wa mjini Unguja wanavyojibishana, na kijana wa Mwanza hapo juu hii ndiyo niliyokuwa nakusudia.

Asalaam alaikum. Wazee wangu wametoka Unguja baada ya mapinduzi, mie nimezaliwa Maskati. Bibi yangu macho hayaoni vizuri tena, kwahivyo vitabu vya changamoto namsomea kwa sauti baada ya magharibi. Tulipoanza Kasri ya Mwinyi Fuad akasikiliza kidogo akanambia funga, sivyo tulivyoishi sisi, huyo ametutukana. Tangu siku hiyo hataki hata kukiona. Kwa hakika mie naona kitabu ni kizuri lakini sitaki kumuudhi. Niendelee peke yangu? (Msomaji, Maskati)

Waalaikum salaam warahmatullah. Nimeirudia barua yako mara nyingi, kwa sababu hapa hatuzungumzii wahusika wa kubuni peke yake, tunazungumzia nyumba ambayo bibi yako aliiacha.

Adam Shafi aliitoa riwaya ile 1978, miaka 14 baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na haifichi iko upande wa nani. Mwinyi Fuad ni mwenye ardhi na watumishi, kila anachokigusa anakiharibu, hana upande wa pili. Bibi akisema hakuwahi kumjua mtu wa namna hiyo, asiye na jema hata moja, namwamini, na anayo haki ya kusema riwaya siyo shahidi wa kila nyumba.

Lakini kuna Kijakazi. Yule mama anayeamka alfajiri, anayekamua ng'ombe, anayempenda bwana wake kwa moyo mmoja na kuamini kwamba Mungu ndiye aliyepanga yeye awe pale na bwana awe kule. Anatukanwa na bado anaogopa asije akamuudhi bwana. Mi nikifika kwa Kijakazi sisomi siasa tena, namwona bibi wa mtu. Naye ana wajukuu, na wajukuu wake wanasoma kitabu hichohicho wakisema ndivyo hasa tulivyoishi sisi. Vyote viwili vilikuwa chini ya paa moja.

Kwahiyo ndiyo, malizia peke yako, usimlazimishe. Ila siku akiwa ametulia muulize tu, bila kitabu mkononi, pale nyumbani kwao nani alikuwa anaamka wa kwanza, jina lake nani, alikuwa analala chumba gani, alikuja kuwa wapi baadaye. Usimuulize kwa kumshtaki. Muulize kwa sababu akiondoka yeye hakuna mwingine wa kukutajia hilo jina. Huenda akanyamaza, mwache. Huenda akaongea mpaka isha.

Na jambo moja la kumwambia kama ataona mwandishi huyu ni adui: Adam Shafi mwenyewe alitiwa ndani na serikali ya mapinduzi baada ya Rais Karume kuuawa 1972, na riwaya yake Haini ya 2003 inatoka humo gerezani. Kalamu ileile iliyoandika kasri ndiyo iliyoandika seli. Mkitaka kurudi kusoma pamoja anzeni na Vuta N'kuvute, nadhani bibi ataipenda, Yasmini binti wa Kihindi anaozwa kwa Raza mzee wa kumzaa, anatoroka anapokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo, mjini Unguja, na mitaa yote ameitaja. Imetengenezwa filamu pia, 2021, lakini msomee kwanza.

Salaam kutoka Tanga. Nimesoma Peponi, ile ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Nilikuwa naipenda kila ukurasa mpaka ule wa mwisho, yaani Yusuf baada ya yote hayo anakwenda kuwakimbilia wanajeshi wa Kijerumani?! Nilikitupa kitandani. Naomba uniambie nimekosea wapi. (Msomaji, Tanga)

Hujakosea popote, nadhani mwandishi alitaka ukitupe.

Hesabu tu milango aliyokuwa nayo yule kijana. Ana miaka 12 anatolewa kwao Kawa, baba ana deni, na mfanyabiashara Aziz anayemwita ami anamchukua awe rehani. Hajaambiwa. Anafika dukani pwani na ni Khalil anayemfungua macho kwamba yule siyo ami yako, we uko hapa kwa deni, kama mimi. Ile sehemu imeandikwa kwa wepesi karibu na utani, vijana wawili wanalala barazani wanataniana, na humo ndani ya utani maisha yake yanauzwa. Baadaye anakwenda safari ya bara na msafara, anaona watu wanakufa, wanarudi, anampenda Amina ambaye hawezi kumpata kwa sababu ni mke wa huyohuyo Aziz. Mwishoni anaweza kubaki awe mtu mwema wa Aziz, anayelishwa vizuri, au atoke. Na kwa wakati ule nje ya geti hakuna uhuru unaomngoja, kuna Wajerumani na askari wao wanakusanya watu.

Alichagua kitu kibaya, ndiyo. Lakini ndiyo mara ya kwanza ndani ya kitabu chote anachagua. Mi hilo linaniuma kuliko angepigwa risasi. Na wewe uko Tanga, ile vita aliyoikimbilia ilifika kwenu Novemba 1914, Waingereza wanashuka kutoka melini na askari wa Kijerumani wanawasubiri, kwahiyo unaposoma ule ukurasa wa mwisho unaweza kujiuliza Yusuf aliishia mtaa gani. Kiingereza chake kilitoka 1994, na ilibidi tungoje mpaka 2022, baada ya Gurnah kupata Nobel ya fasihi 2021, kuisoma kwa lugha ambayo Yusuf na Khalil wangekuwa wanataniana nayo pale barazani. Kama bado una hasira mwezi ujao, andika tena, nitaichapisha.

Natafuta Nyota ya Rehema. Babu alikuwa ananisimulia habari za Rehema na Sulubu mpaka nikajua ni watu aliowahi kuwaona, kumbe ni riwaya. Maduka yote ya hapa hawana. Kuna mtu ameniahidi PDF ya kupiga picha, nichukue? (Msomaji, Dodoma)

Babu yako alichagua vizuri, ile ya Mohamed Suleiman Mohamed ya 1976 kwangu iko juu kabisa, pamoja na Kiu yake ya 1972. Ile PDF mi naomba usiichukue. Waandishi wetu wengi wa rika hilo walipata kidogo sana kwa kazi hizi, na mchapishaji akiona hakuna anayenunua hachapi tena, alafu sote tunabaki kulalamika hakuna vitabu.

Anza na maktaba ya mkoa, omba wakuangalizie na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam. Ukija Dar pita kwa wale wanaouza vitabu vya mitumba chini, usiulize jina la kitabu moja kwa moja, uliza "riwaya za zamani za Kiswahili", kaa chini upekue mwenyewe, maana wengi wamezichanganya na vitabu vya fizikia. Vya Shaaban Robert na Peponi ni rahisi, wachapishaji Mkuki na Nyota wanavyo. Walimu wastaafu wa Kiswahili nao wanazo ndani ya makabati, muulize yeyote mtaani kwako.

Na kama kuna msomaji wetu mwenye nakala ya Nyota ya Rehema na yuko tayari kuiazimisha kwa huyu mwenzetu wa Dodoma, aandike hapa ofisini tutawakutanisha, nauli ya kitabu kwenda na kurudi tutailipa sisi.